Kiti cha Vienna Kibarani

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, kabla hujaanza kupanda Changamwe, unapita Kibarani. Jina lenyewe limebeba neno bara: hapo kisiwa kimekwisha. Kwa miaka mingi wasafiri walipajua kwa harufu kuliko kwa jina. Jaa la mji lilikuwa hapo, kando ya maji, na kila kilichochokwa na nyumba za kisiwani kilifika siku yake ilipowadia: magodoro, redio, madaftari ya maduka yaliyofungwa, milango ya makabati, viti. Mwaka 2018 jaa lilifungwa na miti ikapandwa. Ila waliokuwa wakiishi kwa kuchambua vilivyotupwa hawakuiacha kazi yao, na ni kwa mmoja wao, pembeni mwa barabara, nilipokikuta kiti ninachotaka kukisimulia.

Kilikuwa cha mbao nyembamba za mviringo, zimepindwa kama bakora. Mgongo wake ulikuwa upinde mmoja mrefu ulioshuka pande zote mbili ukawa miguu ya nyuma, na ndani yake upinde mdogo. Kilipakwa rangi ya mafuta ya kijani, na chini ya kijani ilionekana nyeupe. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mvule, kazi ya fundi aliyejua anachokifanya. Kikalio hakikuwa na henzirani tena. Kiliwambwa kamba ya nailoni ya buluu, kwa mtindo uleule wa kuwamba kitanda. Nilikipindua, nikakwangua rangi kwa ukucha upande wa ndani wa duara la kikalio, na herufi za muhuri uliochomwa kwenye mbao zikaanza kujitokeza: T, H, O. Mwenye kuuza alidhani ni jina la aliyekimiliki. Lilikuwa jina la aliyekiunda.

Michael Thonet alizaliwa mwaka 1796 Boppard, mji mdogo kando ya mto Rhine nchini Ujerumani. Alikuwa seremala wa samani, na tatizo alilopambana nalo linamhusu kila seremala. Ukitaka mkunjo katika mbao, unakata. Unachukua ubao mpana, unachora upinde, unaufuata kwa msumeno, na sehemu kubwa ya ubao inakuwa kuni. Tena upinde huo ni dhaifu, kwa sababu msumeno umezikata nyuzi za mti, na penye nyuzi fupi ndipo kiti huvunjikia mgeni mzito anapokaa. Katika miaka ya 1830 Thonet alianza kupasua mbao nyembamba sana, kuzilowesha katika gundi ya moto na kuzibana pamoja kwenye kalibu mpaka zikauke zikiwa zimepinda. Mwanasiasa mkubwa wa Austria wa zama hizo, Metternich, aliipenda kazi hiyo akamwita Vienna, na mwaka 1842 Thonet akapata huko hati ya kulinda ufundi wake. Mwaka 1849 mkahawa mmoja wa Vienna ulioitwa Daum uliagiza viti vyake. Mwaka 1851 alivipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London, na mwaka 1853 akawakabidhi wanawe watano shughuli zote.

Sasa bahari inaingia katika hadithi hii, na kwangu mimi hapa ndipo penye kiini chake. Viti vya tabaka na gundi vilifaa Vienna, lakini havikuvumilia safari za ng'ambo. Katika joto na unyevu gundi ililainika na tabaka zikaachana. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa habari hii. Kitabu kilichojalidiwa Ulaya huachia jalada lake hapa baada ya masika machache, na kabati la mbao za kubandikwa huanza kufura kutoka miguuni. Soko la nchi za joto lilimlazimisha Thonet kutafuta kiti kisichotegemea gundi. Kwa hiyo kiti hiki, ambacho vitabu vya sanaa hukisifu kama mwanzo wa samani za kisasa za Ulaya, kilipata umbo lake kwa sababu ya hewa kama ya kwetu.

Jawabu lilikuwa kupinda mti mzima, bila kuupasua. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na kwa Thonet maneno hayo yalikuwa kazi ya mikono. Fimbo ya mti wa bichi, mti wa misitu ya Ulaya ya kati, ilichongwa mviringo kisha ikaingizwa katika mvuke kwa saa kadhaa mpaka ikalegea. Ilipotolewa, wafanyakazi walikuwa na muda mfupi tu kabla haijapoa. Hata hivyo mvuke peke yake hautoshi. Mti unapopinda, upande wa ndani hubanwa na upande wa nje huvutwa, na mti, hata ukilainishwa kiasi gani, hukubali kubanwa kuliko kuvutwa. Upande wa nje hupasuka. Thonet alifunga ukanda wa chuma upande huo wa nje, kutoka ncha hadi ncha, ili nyuzi zisivutike. Mkunjo wote ukabebwa na upande wa ndani kwa kubanwa. Kisha fimbo na ukanda wake vilifungwa kwenye kalibu ya chuma na kukaushwa. Ulipofunguliwa, mti ulikuwa umesahau kunyooka. Hati ya ufundi huo ilitolewa mwaka 1856, na kiwanda kikajengwa Koryčany, Moravia, karibu na misitu ya bichi, katika nchi ambayo leo ni ya Wacheki.

Nikiwaza juu ya ukanda ule huwakumbuka mafundi wa majahazi. Wao pia wanahitaji mti uliopinda, maana mataruma ya chombo hayawezi kuwa manyoofu. Ila fundi wa Matondoni au wa Pate hapindi taruma. Huenda msituni akatafuta tawi lililojipinda lenyewe, akalitazama mara mbili tatu, na analoliona lina mkunjo wa ubavu wa jahazi ndilo alikatalo. Nyuzi zake hubaki nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kama zilivyo katika kiti cha Thonet. Ni watu wa pande mbili za dunia waliojua siri moja, kwamba nguvu ya mkunjo imo katika nyuzi zisizokatwa. Mmoja alimngoja Mungu aupinde mti, mwingine akauwekea mvuke.

Kiti kilichotokana na kazi hiyo mwaka 1859 kilipewa namba tu: 14. Kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Hakikuhitaji seremala kukiunga, bisibisi ilitosha. Vikiwa vimefunguliwa, viti 36 viliingia katika sanduku la mita moja kwa kila upande. Mwenye kujua gharama ya shehena anaelewa uzito wa jambo hilo. Kiti kilichoungwa hubeba hewa nyingi kuliko mbao, na melini hewa hulipiwa. Kufikia mwaka 1930 inakadiriwa viti milioni 50 vya namba hiyo vilikuwa vimeuzwa duniani.

Mwaka huohuo wa 1859, tarehe 13 Juni, miji ya kibiashara ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Sultani alikuwa Seyyid Majid, na Mombasa ilikuwa chini yake, kwani baba yake, Seyyid Said, aliwaangusha Mazrui waliokuwa wakiitawala mwaka 1837. Nyumba za biashara za Hamburg, kama O'Swald na Hansing, zilikwisha jikita Unguja, zikinunua pembe, karafuu na hata kauri za kwenda kuuzwa Afrika Magharibi, na kuleta nguo na bidhaa za viwandani. Miaka kumi baadaye, 1869, milango miwili ilifunguka pamoja. Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na safari ya kutoka Ulaya hadi pwani yetu ikapungua kwa majuma. Na hati ya Thonet ya kupinda mti ikaisha muda wake, kila mwenye kiwanda akawa na ruhusa ya kuiga. Jacob na Josef Kohn walikuwa wa mbele miongoni mwa walioiga, na viti vyao vina muhuri wa J. & J. Kohn, Wien. Bei ikashuka. Mwaka 1872 meli za British India zilianza kupeleka barua Unguja kwa ratiba. Mwaka 1890 Wajerumani wakaanzisha kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki, na meli za Lloyd ya Austria zikawa zinashuka kutoka Trieste, bandari ya dola hiyohiyo iliyokuwa na misitu ya bichi.

Kiti kilifika, basi, lakini hakikufika mahali pasipo na viti. Watu wa Pwani walikuwa na kigoda, walikuwa na mbuzi ya kukunia nazi ambayo nayo ni kikalio, walikuwa na ulili wa kujinyoosha, na kwenye majumba ya mawe walikuwa na baraza iliyojengwa pamoja na ukuta. Na juu ya vyote walikuwa na kiti cha enzi. Hiki ni kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu mnyoofu, kimetiwa nakshi ya pembe au mfupa, na nafasi zake kwenye mgongo na kikalio zimewambwa nyuzi. Mafundi wa Lamu, Pate, Siyu na Mombasa walijulikana kwa kazi hiyo. James de Vere Allen, aliyewahi kuyasimamia Makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya viti hivi katika makala iliyochapishwa mwaka 1989, na mpaka leo wataalamu hawajaafikiana kama asili yake ni Misri, Ureno, Uhindi au hapahapa. Alikikalia mwenye cheo, au mgeni ambaye mwenye nyumba alitaka kumpa cheo kwa muda wa kikombe cha kahawa.

Kiti cha enzi kilikuwa kimoja, au viwili. Hakikuwa cha kupangwa kumi na viwili. Kiti cha Vienna kilikuja kwa dazeni, chepesi, mtoto anaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Sebule za matajiri wa Unguja na Mombasa zikaanza kuwa na safu za viti vya Ulaya ukutani, pamoja na vioo na saa za ukutani, na picha za kale za pwani hii zinavionyesha viti vya mbao ya kupinda. Wageni wakaweza kukaa juu kwa urefu mmoja, wote. Hilo si jambo dogo katika mji ambao nani akae wapi lilikuwa swali la nasaba. Sisemi kwamba kiti kilileta usawa. Watumwa waliendelea kusimama. Nasema kilibadilisha umbo la heshima: cheo hakikuonekana tena katika kiti chenyewe, kikaonekana katika idadi ya viti ambavyo mwenye nyumba aliweza kuvinunua.

Kuna kikalio pia, na hapa historia inajizungusha kwa namna inayonifurahisha kila nikiifikiria. Henzirani ya kusukia vikalio haikuota Ulaya. Ilikatwa katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ikasafirishwa kwenda Ulaya, ikachanwa nyuzi, na wanawake wa vijiji vya Moravia wakaisuka majumbani mwao, tundu kwa tundu. Kisha ikarudi Bahari ya Hindi ikiwa kikalio. Neno henzirani lilikwisha kaa katika Kiswahili kabla ya kiti, limekuja na Waajemi na Waarabu pamoja na bakora. Mwenye kanzu aliyekikalia kiti hiki alasiri ya Kaskazi, upepo ukipita matunduni, alikuwa amekalia mmea aliokwisha kuujua kwa jina.

Upande wa pili wa bahari ulikuwa ukifanya vivyo hivyo. Mikahawa ya Wairani ya Bombay ilijaa viti vya kupinda, na hata leo michache iliyobaki hujulikana kwavyo. Mombasa ilikuwa na watu, mali na mitindo ya Bombay kila meli ilipotia nanga. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ikavuka Makupa, ikapita kando ya Kibarani na kufika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za bandari zilipata njia ya kuingia bara. Kiti kilichofunguliwa vipande sita kilikuwa shehena rahisi kwa gari la moshi kama kilivyokuwa kwa meli.

Vita vya 1914 viliukata uzi huo. Ujerumani na Austria zikawa maadui wa Uingereza, na meli zao zikatoweka bandarini. Baada ya vita dola ya Austria ilivunjika. Viwanda vya Moravia vikawa vya Chekoslovakia, vingine vikawa vya Poland, na makampuni ya Thonet, Kohn na Mundus yakaungana katika miaka ya 1920. Ndiyo maana ukivipindua viti viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kinaweza kukutajia Vienna na kingine Chekoslovakia. Kiwanda cha Bystřice pod Hostýnem, kilichoanzishwa na akina Thonet mwaka 1861, bado kinapinda viti hadi leo kwa jina la TON.

Wakati uleule, wasanifu wa Ulaya walikigundua upya kiti ambacho wauza kahawa hawakuwahi kukisahau. Le Corbusier alipojenga banda lake la mfano katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1925 aliweka ndani viti vya Thonet, akiwaambia wenye mapambo ya dhahabu kwamba kitu cha kawaida kilichofikiriwa vizuri kinatosha. Tangu hapo kiti kikaanza safari ya pili, ya kuingia makumbusho na minada. Kwetu kilikuwa kikienda upande mwingine. Makochi ya sponji yakaingia, kisha viti vya plastiki. Henzirani ikikatika, aliyejua kuisuka alikuwa haba, na kikalio kikawambwa kamba ya nazi, baadaye nailoni. Kutu ikila skrubu, mguu ukafungwa waya. Kiti kikatoka sebuleni kwenda uani, kutoka uani kwenda kwenye mlango wa duka, na kutoka hapo kikapakiwa mkokoteni kuelekea Makupa.

Kile nilichokikuta nilikipeleka kwa fundi wa Mji wa Kale anayezijua mbao za zamani. Kazi ya kwanza ilikuwa kukifungua, na hapa Thonet alionyesha utu wake. Kiti kilichobuniwa kufunguliwa kwa bisibisi kilifunguka, ingawa skrubu mbili zilihitaji mafuta na subira ya siku nzima. Fukusi walikuwa wameingia katika duara la kikalio, lakini matao ya mgongo yalikuwa mazima. Rangi ya mafuta ilitolewa kwa dawa na kwa mikono, bila mashine, kwa sababu mashine hula mviringo wa fimbo na kuacha bapa ambazo jicho la mjuzi haliwezi kuzisamehe. Chini ya kijani na nyeupe mbao ilikuwa ya kahawia nyekundu, iliyotiwa polishi nyembamba. Henzirani ililoweshwa majini hadi ikawa laini, ikapitishwa katika matundu ya awali: kwanza nyuzi za wima, kisha za mlalo, kisha za wima tena juu yake, kisha za mlalo zinazopishana nazo, kisha za mshazari pande mbili. Ikikauka hujikaza yenyewe, ikalia kama ngozi ya ngoma ukiigonga.

Tuligombana juu ya mguu. Fundi, kwa heshima ya kazi yake, alitaka kukiondoa kipande cha mvule na kutia mbao ya bichi, ili kiti kiwe kama kilivyotoka Vienna. Wanaokusanya vitu hivi hupenda hivyo, na anayekiuza kwao hupata zaidi. Nilikataa, na bado naamini sikukosea. Kipande kile cha mvule kimechongwa kwa mkunjo wa miguu ya bichi, kimeunganishwa kwa mshazari mrefu, na kimekishikilia kiti kwa miaka ambayo hakuna aliyekijali. Ni kazi ya seremala wa hapa, na jina lake halikuchomwa popote. Kukiondoa ni kusema kwamba historia ya kiti iliisha siku kilipopakuliwa bandarini. Kamba ya buluu nayo nimeiweka, imeviringwa ndani ya mfuko wa kitambaa.

Kuna jambo la sheria ambalo wenye viti hivi wengi hawalijui. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale si kile tu kilichotengenezwa Kenya kabla ya mwaka 1895, bali pia kilicholetwa Kenya kabla ya mwaka huo. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Viti vya enzi vingi viliondoka Lamu na Mombasa bila kuulizwa neno, na leo wajukuu wa waliovikalia huviona katika vitabu vya picha. Viti vya kupinda vinaanza kufuata njia hiyohiyo, kwa bei ya kuni, kwa kuwa tumejiambia kwamba ni vitu vya Wazungu. Vilifikiriwa kwa ajili ya bahari hii na vikarekebishwa kwa mbao za hapa. Vimekaliwa na babu zetu muda mrefu kuliko vilivyokaliwa na Mzungu yeyote. Navihesabu kuwa vyetu.

Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa Makupa badala ya tuta la mwaka 1929, na maji ya Tudor na Kilindini yakaanza tena kupitana chini yake. Kibarani sasa pana miti mahali palipokuwa na moshi. Msomaji wangu, kama uani kwenu au kwenye stoo ya bibi kuna kiti chepesi chenye mgongo wa upinde, usikitoe kwa mwenye mkokoteni leo. Kipindue kwanza, kikwangue kwa ukucha ndani ya duara la kikalio, usome kilichoandikwa hapo, kisha ukipeleke kwenye makumbusho ya Fort Jesus wakitazame.